MAJI YALIYOUA WALOWEZI WA VIRGINIA

Watu wakihamia mahali papya kisha wakafa wengi, husemwa kwamba nchi ile ina hewa mbaya. Au husemwa kwamba walikuwa wavivu, wakafa kwa njaa. Mimi sikubali upesi maneno hayo. Kwanza nauliza: walikunywa maji gani?

Tazama habari za Jamestown. Mwezi Mei 1607, Waingereza 104, wanaume na wavulana, walifika Virginia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Marekani. Walijenga ngome kando ya mto. Ilipofika Januari 1608, waliobaki hai walikuwa 38 tu.

Mahali pale walipachagua kwa kufikiria vita. Waliogopa merikebu za Wahispania. Tena kina cha maji kilikuwa kirefu karibu na ukingo, merikebu zao ziliweza kufungwa kwenye miti. Wenyeji, watu wa Powhatan, hawakuwa na kijiji mahali pale. Wageni hawakujiuliza kwa nini.

Maji ya bahari huingia katika mto ule. Ninyi mnaokaa kwenye midomo ya mito mnaijua hali hiyo. Wakati wa joto mto hupungua, bahari hupanda. Maji yakijaa, yana chumvi. Yakipwa, ni tope na uchafu. Na kinyesi cha watu hakikuchukuliwa kwenda mbali. Kilikwenda na kurudi hapo hapo. Watu hawakuwa na kisima, wakachota mtoni, wakanywa. Mwezi Agosti wakaanza kufa mfululizo. Walihara damu, walishikwa na homa kali, wengine walivimba mwili. Wataalamu wanaona kwamba homa ya matumbo nayo ilikuwamo.

Njaa ilikuwapo, sikatai. Miaka ile ilikuwa ya ukame mkubwa. Baadaye walipigana na wenyeji, wakazingirwa ngomeni. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610, watu mamia kadhaa walipungua wakabaki kama 60. Viongozi wao waliandika kwamba watu ni wavivu. Ni kweli wengine walitafuta dhahabu badala ya kulima. Lakini mtu anayehara damu atashikaje jembe? Kumwita mgonjwa mvivu ni rahisi, hasa kwa kiongozi aliyechagua mahali pabaya.

Mwaka 1609 walichimba kisima ndani ya ngome. Hakikuwasaidia sana, maana maji ya mto ule ule yalipenya ardhini yakaingia kisimani.

Basi usiseme, "Sisi tuna kisima." Nenda ukakitazame. Choo kilicho karibu kiko umbali gani? Kiwe mita 30 au zaidi, tena upande wa chini, si wa juu. Je, kisima kina ukuta na kifuniko? Ng'ombe hunywa wapi? Ukiona kasoro, ipeleke kwenye mkutano wa kijiji, hata kama choo hicho ni cha mwenyekiti. Wakati mnangoja, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, uyaweke katika chombo safi chenye kifuniko. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Kisima kikiwa na maji ya chumvi, tafuteni mahali pengine pa kuchimba.