Msimcheke mwenye gobore

Kuna picha ambayo vyombo vyetu vya habari havichoki kuitoa. Magobore yamepangwa chini kwenye uwanja wa polisi, afande kasimama nyuma yake, waandishi tumemzunguka na kamera. Kesho yake kichwa cha habari: SILAHA ZAKAMATWA. Hakuna anayeuliza yule mzee aliyekutwa nalo alikuwa analifanyia kazi gani. Ni jambazi, basi. Na kama si jambazi, ni mshamba aliyejitengenezea bomu la kumlipukia mwenyewe. Tunacheka kidogo, tunageuza ukurasa.

Mimi kicheko hicho nakikataa, jamani.

Tuanze na wale tunaowaona wastaarabu. Afrika Kusini wawindaji wengi wenye bunduki za bolti, zile unazokoki kwa mkono kila unapopiga, hawanunui risasi dukani kila mara. Wanaokota maganda yao yaliyotumika, wanayasafisha, wanachomoa fataki iliyokufa na kupachika mpya (nasema fataki ya kwenye kitako cha ganda, si Fataki yule wa matangazo ya redio aliyekuwa akiwawinda wanafunzi!), wanapima baruti, wanaishindilia risasi juu yake. Sasa niambie, mzee wa gobore anafanya nini tofauti? Baruti ni ile ile kwa kazi, fataki anayo, risasi anayo. Yeye anajaza kupitia mdomo wa mtutu, mwenzake anajaza ganda mezani.

Mei 2021 serikali ya Afrika Kusini ilitoa rasimu ya sheria iliyotaka kupiga marufuku ujazaji huo. Wawindaji wakaja juu, wakaleta hoja zao. Sikumsikia mtu akiwaita washamba.

Tofauti ya kweli ipo, tena kubwa, lakini si ya akili. Risasi ya .308 ikifyatuliwa, mgandamizo ndani ya chemba unaruhusiwa kufika psi 62,000. Tairi la gari lako lina kama 30. Ndiyo maana bolti ya kiwandani ina meno mazito yanayozunguka na kujifunga ndani ya chuma, na ndiyo maana mjazaji makini anapima baruti kwa mizani inayosoma grain, kipimo ambacho gramu moja tu inabeba zaidi ya 15. Anafuata kitabu cha vipimo. Anaanza chini ya kiwango cha juu, anapanda kidogo kidogo huku akikagua maganda. Ganda lenye ufa analitupa. Mezani anaweka kopo moja tu la baruti, kwa sababu baruti ya bastola inaungua haraka mno, na akiichanganya na ya bunduki kubwa kwa bahati mbaya anaweza kuipasua bunduki usoni pake. Havuti sigara, hapigi stori na wageni.

Mzee wetu mtutu wake unaweza kuwa bomba la maji. Hana mizani, hana kitabu, anapima kwa kiganja. Likipasuka, anabaki bila vidole au bila jicho. Hatari hiyo siipambi hata kidogo, na sisahau kwamba tembo nao wameuawa kwa magobore. Sitetei ujangili.

Lakini kwa nini analo? Twende Rufiji, twende Lindi. Msimu wa mavuno mkulima analala shambani, kwenye dungu, akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe anamleta simba. Watafiti waliochapisha kwenye jarida la Nature mwaka 2005, akiwemo Craig Packer, walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308, na nguruwe pori walitajwa wazi kuwa sehemu ya chanzo. Watu 563! Asipolala kule, nguruwe anamaliza shamba na watoto wanalala njaa. Akilala, ndiyo hayo.

Najua mtaniambia anunue bunduki halali. Haya, fungueni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015: awe na miaka 25, apate cheti cha umahiri, apate leseni, awe na mahali salama pa kuhifadhia. Masharti mazuri, sina ugomvi nayo hata moja. Ila pigeni hesabu ya nauli za kwenda na kurudi wilayani, halafu muweke na bei ya bunduki yenyewe, mniambie ni magunia mangapi ya mahindi. Mlanguzi ananunua kwa lumbesa, mkumbuke.

Kwa hiyo mkilichukua gobore lake, na mlichukue, mpeni kitu badala yake. Askari wa wanyamapori anayefika usiku ule ule anapoitwa, mwenye bunduki inayofanya kazi, risasi za kutosha na pikipiki yenye mafuta. Si anayekuja wiki ya pili kupiga picha nyayo.

Na nyinyi waandishi wenzangu, afande atakapotupangia tena magobore yake pale uwanjani, yupo atakayenyosha mkono kumuuliza shamba la huyu mzee analinda nani usiku wa leo?