Mwacheni mvuvi amwokoe kasa

Na Mama Kidawa, Kurasini

Neno hili limenikaa kooni tangu Jumatano, nalisema leo: umati haumwokoi mnyama wa baharini. Anayemwokoa ni mtu mmoja au wawili wanaojua wanachokifanya, na kazi yetu sisi wengine ni kuwapisha. Wiki hii hapa Kurasini tulikataa kupisha, na kasa nusura afie mikononi mwa watu waliokuwa wakipiga kelele kwamba wanamwokoa.

Mnaonisoma kila wiki mnaijua njia yangu ya kuteremka mkondoni, na mnamjua Babu Ngalawa, mvuvi wangu, yule ambaye hajawahi kuniuzia samaki bila kunipa na hotuba juu ya upepo. Jumatano ilikuwa bamvua. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yametoka kabisa na tope limebaki wazi mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Nilisikia kelele kabla sijaona kitu. Nikadhani mtoto amezama, maana watu walikuwa wanakimbia kutoka barabara ya malori, wengine na viatu mkononi.

Alikuwa kasa. Kasa mkubwa, gamba lake pana kama sinia la pilau ya harusi, amezongwa na kipande cha jarife lililokatika huko lilikokatika. Kamba ilikuwa imemzunguka shingo mara kadhaa, ikapita chini ya pezi la mbele la kulia, na pale iliposhika ngozi ilikuwa imezama ndani, imeacha mfereji mweupe wenye damu pembezoni. Na alikuwa amelazwa chali. Nasema amelazwa kwa sababu kasa hajigeuzi chali mwenyewe kwenye tope. Watu walimgeuza, ili aonekane vizuri kwenye simu.

Kasa anavuta pumzi kwa mapafu kama mimi na wewe. Ukimgeuza chali, uzito wa matumbo yake unayalalia yale mapafu. Kila dakika anayokaa hivyo anakabwa, na huyu alikuwa ameshakabwa na wavu usiku kucha. Lakini pale hapakuwa na aliyeuliza anapumua vipi. Kijana mmoja alikuwa amekanyaga tumbo lake kwa mguu mmoja, mkono mmoja kiunoni, rafiki yake akirusha mubashara. "Wadau, tunamwokoa kasa huku Kurasini, tupieni mapenzi." Dada mmoja alikuwa anammwagia usoni maji ya chupa, ya kunywa, kwa huruma kabisa, na yakimwingia puani. Mwingine amemtilia mkate mdomoni. Mkate! Kasa wa kijani kama huyu akishakuwa mkubwa chakula chake ni nyasi za baharini na mwani. Mwanafunzi mwenye sare alipendekeza abebwe akatiwe kwenye simtanki la jirani, la maji ya DAWASA, apumzike.

Kisha likaja lile lililonipandisha hasira mpaka leo naandika mkono ukitetemeka. Vijana wanne walimgeuza, wawili wakashika mapezi ya mbele, wakaanza kumburuta kuelekea maji yaliko, mbali, juu ya tope lenye magamba ya chaza na vipande vya chupa. Pezi la kasa limeungwa begani kama mkono wako ulivyoungwa. Jaribu kuburutwa kwa mkono mmoja, wewe una kilo mia, kisha uniambie kama umeokolewa.

Babu Ngalawa alikuwa amefika. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, "Wanangu, msimvute. Huyu kalewa maji. Mkimtia baharini hivyo anazama." Hawakumsikia. Akarudia, akamgusa mmoja bega. Yule kijana aligeuka, akamwambia, "Mzee, kaa pembeni kidogo, sisi tunamwokoa hapa."

Kaa pembeni. Mtu aliyeanza kuvua kwenye mkondo huu kabla baba wa kijana yule hajaoa, anaambiwa akae pembeni na mtu ambaye asubuhi ile ndiyo mara yake ya kwanza kulikanyaga tope la Kurasini.

Mnajua mimi sinyamazi. Nilipiga ukelele, na waliosimama karibu wananijua, wakasogea. Waliosaidia kwelikweli hawakuwa wale wa simu. Walikuwa utingo wawili kutoka kwenye foleni ya malori ya bandarini, vijana wasio na habari na bahari, mmoja lafudhi yake ya bara kabisa. Wao walifanya jambo moja ambalo wengine wote lilikuwa limewashinda: walimuuliza mzee, "Babu, tufanye nini?" Basi. Swali hilo moja ndilo lililomwokoa kasa.

Babu akaagiza. Ashikwe gamba, kwa mbele pale nyuma ya shingo, na kwa nyuma pale juu ya mkia, ainuliwe kama mtu anavyoinua meza, asishikwe pezi. Akalazwa kifudifudi kwenye gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Kanga yangu ya juu ikaloweshwa na yenyewe, ikamfunika gamba na macho, pua ikaachwa wazi. Mzee akatoa kisu kifupi, kile cha kuparia samaki, akaingiza kidole chake kwanza kati ya kamba na ngozi, akawa anakata uzi mmoja mmoja kuelekea nje, kidole chake ndicho kikipokea makali. Aliacha ile iliyozama sana mwisho, akailowesha kwanza. Wakati huohuo jichoni mwa kasa yalikuwa yanatoka machozi mazito, yananing'inia kama ute. Mama mmoja akaanza kulia naye, akisema mnyama anaomba msamaha. Mama, kasa anatoa chumvi. Ana tezi nyuma ya jicho inayotoa chumvi ya maji ya bahari anayokunywa, nchi kavu tunaiona ikichuruzika. Alichokuwa anaomba, kama anaomba, ni nafasi.

Nilipiga simu ofisi moja, siitaji. Iliita mpaka ikakata, nikapiga tena, ikaita. Babu ndiye aliyekuwa na namba ya maana, ya mlinzi wa viota vya kasa upande wa pili wa daraja, kule Kimbiji. Maana kule kasa wanataga, na wasomaji wa mjini wengi hawana habari. Vuka Daraja la Nyerere, shika njia ya kusini, fika Kimbiji, fika Yaleyale Puna: kasa wa kijani wanapanda pwani usiku kutaga, na wapo wanavijiji waliofundishwa na shirika la Sea Sense kulinda viota hivyo mpaka vitoto vitoke. Mlinzi yule alipokea mlio wa pili. Akasema sehemu ya nyuma iinuliwe kidogo kuliko kichwa ili maji yatoke mapafuni, awekwe kivulini, asitiwe baharini mpaka ainue kichwa mwenyewe na kuvuta pumzi bila kulazimishwa. Hata ikichukua saa nyingi. Tukamwekea ubao chini ya upande wa mkia.

Hapo ndipo umati ulipoanza kupungua, kwa kuwa hapakuwa na cha kupiga picha.

Lakini kabla hawajaisha alijitokeza bwana mmoja, mtu mzima, amevaa saa nzuri, akamwuliza Babu kwa faragha iliyosikika na wote, nyama ya huyo ni shilingi ngapi, na mafuta je, maana mafuta yake ni dawa ya kifua. Nilimjibu mimi. Bwana, Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Novemba 2021 kisiwani Pemba hukohuko walikufa watu saba, na kati yao mtoto wa miaka mitatu. Sumu inayokuwamo kwenye nyama ya kasa haiondoki kwa moto wala kwa ndimu, na kwa macho huijui aliyenayo na asiyenayo. Kisha kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009: kasa havuliwi, haliwi, hauzwi. Akaondoka akisema mimi ni mkali. Ni kweli.

Tukabaki wachache. Kasa alikuwa anakaa muda mrefu bila dalili yoyote, mpaka unasema kwisha, halafu anainua shingo, mdomo unafunguka, anavuta pumzi kwa mkoromo, kichwa kinarudi chini. Mwanzo kiliinuka kidogo tu. Adhuhuri kikawa kinainuka sawasawa. Alasiri maji yalipojaa mpaka kwenye mikoko, alianza kupiga mapezi mwenyewe kwenye gunia, yote mawili, hata lile la kulia lenye jeraha. Babu akasema, "Sasa." Utingo wakambeba na gunia lake mpaka maji ya kiuno, wakalishusha upande mmoja, akatoka. Alikwenda chini, akaibuka mbali kuvuta pumzi, akazama tena kuelekea mlango wa bandari.

Jioni binti yangu akanionyesha video. Imesambaa. Kichwa chake: vijana wa Kurasini waokoa kasa. Babu Ngalawa hayumo. Utingo hawamo. Aliyemo, anayepongezwa na watu wasiojua Kurasini iko upande gani, ni yule aliyesimama juu ya tumbo la mnyama anayekata roho.

Nimeambiwa na jamaa mmoja wa gazetini kwamba nawaonea vijana, nia yao ilikuwa njema. Sibishi kuhusu nia. Ya yule dada mwenye chupa ya maji ilikuwa njema kuliko yangu, maana mimi nilikuwa na hasira na yeye alikuwa na huruma. Kasa angekufa vilevile. Kasa wa kijani anachukua miaka 25 na zaidi mpaka aweze kutaga, na kati ya vitoto vinavyotoka kwenye mchanga vinavyofika umri huo ni haba mno. Mnyama aliyepita papa, ndege, mifuko ya plastiki na majarife kwa miaka yote hiyo, anakuja kufia kwenye huruma ya watu waliokataa kuuliza.

Na tatizo ni hilo la kukataa kuuliza. Tumemdharau mvuvi. Mjini mvuvi ni mtu wa kupigiwa bei ya dagaa, basi. Tulipaswa kujifunza Bukoba. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na Majaliwa Jackson akasifiwa kwa kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Watu 24 wakatoka hai. Nchi nzima ilimshangilia kwa wiki moja. Kisha tukarudi kumwambia mvuvi akae pembeni.

Wenzetu wa Watamu, kule Kenya, wamelimaliza jambo hili tangu miaka ya tisini. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya anapiga simu, watu wa Local Ocean Conservation wanakuja, wanamwangalia, mzima anarudi baharini, mgonjwa anatibiwa, na mvuvi anapewa kifuta jasho cha muda wake. Hakuna muujiza hapo. Kuna namba ya simu inayopokelewa, na kuna heshima kwa aliyeileta habari.

Nataka vivyo hivyo hapa. Serikali za mitaa za Temeke na Kigamboni, na vikundi vyenu vya usimamizi wa fukwe (BMU), wekeni kibao kila mahali ngalawa zinapofikia, kuanzia Feri mpaka Mtoni mpaka Kimbiji. Kibao kiwe na namba moja ambayo mtu anaipokea hata siku ya bamvua, hata Jumapili, na chini yake maneno machache: usimgeuze chali, usimshike mapezi, mpe kivuli na maji ya chumvi, pua iachwe wazi, usimtie baharini mpaka mjuzi aseme. Akiwa pomboo, mweke kifudifudi, usimvute mkia, na lile tundu la juu ya kichwa lisiingie maji wala lisifunikwe kwa nguo, ndiyo pua yake. Aprili 2006 pale Nungwi waliokotwa pomboo wapatao 400 wamekufa ufukweni. Siku kundi kama lile likitupwa kwetu likiwa bado hai, tutaanza kutafutana namba?

Na wewe unayenisoma ndani ya daladala, kesho ukimkuta kasa amekwama, tafuta mvuvi kwanza. Akikwambia inua, inua. Akikwambia lowesha, lowesha. Kama huna kanga ya kumfunika wala kisu cha kukata wavu, rudi nyuma hatua kumi, na uiweke simu mfukoni.