Wadhamini Watatu Wanaweza Kuwa Mmoja



Mwaka jana orodha ya wanachama wa tawi letu la Buraza ilifika mezani kwa mwajiri kabla haijamfikia mwenzetu wa Muyinga. Aliyeituma ni mimi. Nilipata ujumbe kwenye simu: ni mimi katibu, nimebadilisha namba. Nikauliza watu watatu, wote wakasema ndiyo, namba ni yake. Nikatuma. Baadaye ikajulikana kwamba wote watatu waliambiwa na mtu mmoja, karani wa ghala. Wenzetu wanne hawakuitwa tena msimu uliofuata.

Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta pale Gitega aliniambia kwamba kosa langu lina hesabu yake. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya kufunga barua kwa siri, iitwayo PGP. Kila mtu ana funguo mbili: mmoja anaugawa kwa watu wote ili wamfungie barua, wa pili anauficha kwa kufungulia. Lakini yeyote anaweza kutengeneza ufunguo na kuuandika jina la katibu wetu. Nani atasema ni wake kweli? Wenzake wanaomjua, ambao wanautia sahihi.

Hapo ndipo penye akili. Programu inauliza maswali mawili, wala haiyachanganyi. La kwanza: ufunguo huu ni wa fulani kweli? La pili: fulani huyo ni mwangalifu anapowadhamini wengine? Waweza kumjua ndugu yako toka utotoni, karangamuntu yake umeiona, lakini unajua anatia sahihi karatasi yoyote akishanunuliwa chupa moja. Basi ufunguo wake unaukubali, udhamini wake hapana. Wazee wetu walilijua jambo hili: kila jirani alijulikana kilimani, lakini umushingantahe alichunguzwa muda mrefu kabla ya kusimikwa. Na kiwango unachompa mtu kinabaki kwenye mashine yako, hakuna wa kukununia.

Katika GnuPG, programu ya namna hiyo ambayo haiuzwi, kanuni ya kawaida ni hii: mdhamini mmoja unayemwamini kabisa anatosha, wale unaowaamini nusunusu wawe watatu. Tena ufunguo wa kila mdhamini uwe umekwisha kuhakikishwa, na mnyororo usizidi hatua tano.

Mimi naiheshimu hesabu hiyo, lakini ingenipoteza vilevile. Inahesabu sahihi tatu. Haiulizi kama watatu hao walikunywa kisima kimoja. Na mwaka 2019 watu wabaya walimwaga sahihi za uongo kwa maelfu juu ya funguo za watu wawili kwenye ghala za funguo za hadharani, hata programu zikakwama. Ndipo GnuPG ikaacha kupokea sahihi za wengine kutoka ghala hizo, isipokuwa mwenyewe uiamuru.

Sisemi kila mchuma kahawa anunue kompyuta. WhatsApp tunayotumia ina tarakimu 60 kwa kila mazungumzo ya watu wawili. Wakikaa pamoja wakazisoma, zikawa sawa, kila mmoja anajua anaongea na simu ya mwenzake hasa. Mtu akibadilisha simu, tarakimu zinabadilika, na kazi inaanza upya.

Wako wanaosema nauli ya Muyinga hadi Gitega ni ghali mno kwa kwenda kusoma tarakimu. Waulizeni wale wanne.

Kwa hiyo naiomba kamati: katika mkutano ujao wa matawi, kabla ya hotuba, tupewe saa moja. Kila katibu aje na simu yake na karangamuntu, tusomeane uso kwa uso. Na anayemdhamini mwenzake aseme mbele ya wote: nimemwona mwenyewe, au nimeambiwa, na nimeambiwa na nani. Aliyeambiwa hatahesabiwa. Mimi nitaanza.