Tuliwacheka Wanaotafuta Visahani

Jamani wenzetu, wiki iliyopita mmoja wetu alituma kwenye grupu habari ya mashirika ya Marekani yanayochangisha pesa kuchunguza UFO, yaani vile vitu vya angani ambavyo watu wanaviona na hawajui ni nini. Mnakumbuka kilichofuata. Vicheko juu ya vicheko. "Hawa wameshiba bana." "Waambieni hao wageni wa angani watushushie unga." Na sisi tunaoandika hapa tulicheka, hatujitoi. Tangu 2023 hapa Uganda wakimbizi tumegawanywa makundi matatu ya msaada, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao kabisa. Mtu wa kundi la tatu akisikia kuna hela ya kutafuta visahani, mnataka afanye nini, apige makofi?

Lakini baadaye tulikaa tukasoma, na sasa tunasema bila kuzunguka: hasira ile ilibisha mlango usio wake.

Hela yenyewe si ya mtu mwingine. Jeshi la anga la Marekani lilikuwa na mradi ulioitwa Blue Book. Ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa umekusanya ripoti 12,618, na 701 kati ya hizo zilibaki bila maelezo. Serikali ikafunga faili ikaenda zake. Waliobaki na maswali wakafanya tunachofanya sisi mtu akifiwa: wakachanga. Mwaka huohuo ikaanzishwa MUFON, inayoendeshwa kwa ada za wanachama na kwa wapelelezi wa kujitolea. Mwaka 1973 J. Allen Hynek, mtaalamu wa nyota aliyekuwa mshauri wa jeshi hilohilo kwa miaka kama ishirini, akaanzisha kituo chake, CUFOS. Mwaka 1979 ukaja Fund for UFO Research, mfuko ambao kazi yake ilikuwa kupokea michango na kuwagawia watafiti. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyechota kwenye gunia letu la mahindi. Kwa hiyo hiyo hoja ya "wangetupa sisi" tuiache, ni ya uvivu.

Kilichotuuma ni kingine. Ni namna wanavyompokea mtu.

Mtu wa MUFON akiona taa ya ajabu usiku, anajaza fomu. Fomu inapewa namba. Mpelelezi aliyesoma kitabu cha mwongozo na kufanya mtihani anapewa kesi ile. Anampigia simu, pengine anamfuata hadi nyumbani. Anauliza saa, upande wa anga, hali ya hewa, halafu anaenda kulinganisha: je, ilikuwa ndege? Puto? Sayari ya Zuhura, ambayo imewadanganya wengi? Mara nyingi jibu ni la kawaida kabisa, na linaandikwa hivyo. Kesi inapewa hitimisho.

Sasa tuseme ukweli wetu. Tumeulizwa tunakula mara ngapi kwa siku. Tumeulizwa tunalala wangapi kwenye chumba, choo kiko hatua ngapi, nani alikufa njiani na alikufaje. Kila anayekuja na tableti anaanza upya, kama vile yule wa mwezi uliopita hakuwahi kuzaliwa. Dada zetu wamesimulia waliyofanyiwa kule nyumbani kwa watu watatu, wanne tofauti, wakalia mara zote, wakapewa soda. Mrejesho? Hamna. Neno "mrejesho" lenyewe tulifundishwa na nyinyi kwenye warsha, ndugu zetu wa mashirika, halafu tukabaki nalo mkononi kama risiti ya duka lililofungwa.

Mtu aliyeona taa angani ana namba ya kesi na hitimisho. Aliyeona kijiji chake kikiungua ana soda.

Wala msidhani ni mambo ya Marekani tu. Tarehe 16 Septemba 1994, katika Ariel School huko Ruwa, Zimbabwe, watoto wapatao sitini walisema wameona kitu kimetua karibu na uwanja wao wa kuchezea wakati wa mapumziko. Cynthia Hind, mtafiti wa UFO aliyeishi nchini humo, alifika baada ya siku chache, na watoto wakachora walichokiona. Kisha akaja John Mack, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Harvard, mtu aliyewahi kupata tuzo ya Pulitzer, na ambaye mradi wake ulikuwa umesaidiwa na pesa za tajiri Laurance Rockefeller. Alikaa nao akawasikiliza mmoja mmoja. Wapinzani wanasema, na wana hoja, kwamba watoto walikuwa wameshaongea wao kwa wao, na kwamba Mack alichelewa kufika na alikuja na imani yake tayari mfukoni. Sawa. Sisi hatujui nini kilitua Ruwa, na pengine hakikutua kitu. Tunachojua ni kwamba mtu mzima alipanda ndege akaja kumuuliza mtoto wa shule "uliona nini?", na maneno ya mtoto yule yanatafutwa hadi leo.

Msituelewe vibaya, hatuwafanyi malaika. Mfuko ule wa 1979 ulimpa Stanton Friedman dola 16,000 achunguze hati zinazoitwa Majestic 12, eti za kamati ya siri ya serikali. FBI ilizitangaza kuwa za uongo. Mtu akishaamini kabla ya kuchunguza, mchango wa watu unapotea hivyo.

Na kuna la kutisha zaidi, ambalo ndilo letu hasa. Mwaka 2009 MUFON ilifunga mkataba na kampuni ya Robert Bigelow, tajiri wa Las Vegas: yeye atoe hela wapelelezi wafike haraka kwenye tukio, na taarifa zimfikie. Mkataba haukudumu. Baadaye ikajulikana hadharani kwamba kampuni ya Bigelow ilikuwa na kazi ya wizara ya ulinzi, katika mpango wa dola milioni 22. Wanachama waliotoa ushahidi wao kwa moyo mweupe walibaki wanajiuliza: kumbe tulikuwa tunamjazia nani fomu?

Swali hilo tunalirudisha kambini. Juni 2021 Human Rights Watch ilitoa ripoti kwamba taarifa za Warohingya walioandikishwa Bangladesh zilifikishwa Myanmar, serikali ileile waliyoikimbia, na kwamba wengi hawakuelezwa vizuri. UNHCR ilijitetea. Sisi tunaotoa alama za vidole kila mwaka, tufanye kama hatujasikia?

Ndugu zetu mnaovaa vizibao, wengi wenu ni marafiki, na tunajua fomu hamkuziandika nyinyi. Hata hivyo nyinyi ndio mnaozileta mlangoni. Mwaka 2023 jopo la NASA la watu 16, kwa bajeti isiyozidi dola 100,000, lilisema halikupata ushahidi kwamba vitu hivi vinatoka nje ya dunia, na likakiri kwamba aibu inawazuia watu kuripoti. Kwetu kinachotuzuia ni uchovu. Vijana wameanza kuwajibu uongo, hilo mlijue, maana jibu la kweli na la uongo yote yanakwenda kusikojulikana.

Basi tumefungua daftari. Ni la kurasa 200, liko kwa katibu wetu. Kila anayekuja kuuliza maswali ataandikwa jina la shirika, anayelipia utafiti, taarifa zinakopelekwa, na tarehe atakayorudi kutusomea alichokipata. Atatia sahihi. Asiyetaka kutia sahihi tutampa kiti, tutampa maji ya kunywa, na majibu hatutampa. Ukurasa wa kwanza bado ni mweupe.