Mtu si kamba ya kushikilia mzigo
Kwenye barabara ya taifa namba 27, kati ya Mahagi na Bunia, pikapu hupita zimejaa magunia, mabati na magodoro, watu wamekaa juu kabisa. Eti wanakandamiza mzigo! Hapana.

Uzito ukiwa juu, gari linalala kwenye kona. Ukizidi nyuma, usukani unakuwa mwepesi, dereva hashiki njia. Magunia yakae chini, karibu na kabini, magodoro juu. Kamba ifungwe kwenye kulabu za chuma, si kwenye mlango wa nyuma, na ikazwe tena njiani.

Ndugu mliohama, mmeponea vita. Msife kwa kamba mbovu. Kataeni kupanda juu ya mzigo. Nanyi polisi wa barabarani, msiishie kwenye karatasi: angalieni kamba.