Mama wa Leo Anashutumiwa Bure

Kuna neno lililozoeleka masikioni mwetu hata likawa kama kweli isiyohitaji shahidi, nalo ni kwamba Tanzania imejaa watu kwa sababu wanawake wa siku hizi wanazaa ovyo, bila ya hesabu wala hofu ya kesho, kuliko walivyozaa mama zao na bibi zao. Hulisikia barazani baada ya sala ya alasiri, hulisikia ndani ya daladala ya Mbagala jioni watu wanapobanana mlangoni, na aghalabu hulisikia vinywani mwa wasomi ambao kalamu na karatasi hazikuwapungukia. Nami nasema, kwa adabu yote inayowastahikia wasemaji, ya kuwa neno hili ni uongo, na ya kuwa uongo huu umekuwa dhuluma juu ya watu wasiostahili ila shukrani.

Sensa ya kwanza baada ya uhuru, ya mwaka 1967, ilikuta watu milioni 12.3 nchini. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilikuta watu 61,741,120, yaani mara tano ya wale wa kwanza katika muda wa miaka 55. Na kasi ya ongezeko, ambayo baina ya mwaka 2002 na 2012 ilikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka, ikapanda katika miaka kumi iliyofuata ikafika asilimia 3.2. Mtu akikomea hapo ana udhuru wa kudhani kwamba vyumba vya wazazi vimezidi kazi. Lakini takwimu hizo zina ndugu zake, na insafu inataka wote wasikilizwe. Mwanamke wa mwaka 1967 alikadiriwa kuzaa watoto 6.6 katika umri wake wote wa uzazi. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulikuta hesabu hiyo imeshuka hadi 5.2, na ule wa mwaka 2022 ukaikuta 4.8. Basi katika miaka ile ile ambayo watu wamezidi kwa kasi, mwanamke mmoja mmoja amepunguza uzazi wake, wala hajapata, tangu tuanze kuhesabiana, kuzaa kwa uchache kama anavyozaa leo.

Jawabu la fumbo hili liko makaburini. Ukimwuliza bibi kizee wa pwani au wa bara amezaa watoto wangapi, hakujibu kwa hesabu moja, bali kwa mbili: nimezaa tisa, walio hai watano. Husema hivyo kwa sauti tulivu, kwa kuwa mauti ya watoto wachanga yalikuwa mgeni aliyejulikana katika kila nyumba, na si bure kwamba majina ya Tabu, Shida na Mashaka yalikuwa mengi miongoni mwa wazee wetu. Mwaka 1999, si zamani hata kidogo, watoto 147 katika kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hebu msomaji azitie hesabu hizi ndani ya nyumba. Mama aliyezaa saba akazika wawili ameiachia nchi watu watano. Binti yake aliyezaa watano, na kwa rehema ya Mungu hakuzika hata mmoja, ameiachia nchi watu watano vilevile. Huyu wa pili ndiye tunayemwita mzazi ovyo, ilhali amebeba mimba mbili pungufu na hakuvaa kaniki ya msiba hata mara moja.

Ni nani aliyewabakisha watoto hawa? Ni chanjo za surua, kifaduro, dondakoo na pepopunda, zilizoandikwa moja moja katika kadi ya kliniki ambayo mama huitunza kabatini pamoja na hati za nyumba. Ni chandarua chenye dawa, ambacho tangu mwaka 2004 mama mjamzito alikipata kwa Hati Punguzo. Ni maji ya chumvi na sukari aliyonyweshwa mtoto wa kuhara ambaye zamani angekauka mikononi mwa mamaye. Ni dawa zilizozuia virusi vya UKIMWI visitoke kwa mzazi kwenda kwa mwanawe. Ongezeko tunalolinung'unikia, kwa sehemu yake kubwa, ni hesabu ya maziko ambayo hayakufanyika.

Sehemu ya pili ya jawabu ni nyepesi kwa yeyote aliyepata kumiliki shamba. Baba ana minazi 100, na kila mnazi unazaa nazi 70 kwa mwaka: huvuna nazi 7,000. Mwanawe ana minazi 200, na kila mmoja unazaa nazi 50 tu: huvuna nazi 10,000. Je, mpita njia aonaye mkokoteni wa mwana umefurika atakuwa na haki ya kusema kwamba minazi ya mwana inazaa kuliko ya baba? Mama wa leo ni wengi kwa sababu wasichana wa miaka ile ya chanjo walipona, wakakua, wakaolewa. Na madhali zaidi ya watu wanne katika kila kumi nchini hawajatimiza miaka 15, mama wa kesho watakuwa wengi zaidi, hata kila mmoja wao akiridhika na watoto watatu.

Na yule abiria wa Mbagala anayelaumu uzazi hali amesimama kwa mguu mmoja, laiti angejua kuwa yuko mahali ambapo lawama yake haina mashiko kabisa! Dar es Salaam ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na wengi wao waliletwa na basi, treni na boti, wakitafuta riziki. Mwanamke wa mjini anazaa watoto 3.6 na wa shamba 5.5, kwa hiyo tunapobanana zaidi ndipo tunapozaliana kwa uchache zaidi. Msongamano ule ni wa barabara, wa kazi na wa mashamba yaliyowashinda vijana kuyakaa, na mtu asitafute kisa chake tumboni mwa mwanamke.

Sikatai kwamba uzazi wa 4.8 ni mkubwa bado, wala sidai kwamba madarasa na visima vinaongezeka kwa kasi ya watu. Asemaye hivyo hajatembelea shule ya msingi mwezi wa Januari. Ninalokataa ni shutuma. Nimeshuhudia katika zahanati moja mama aliyekuja na mtoto wa tano akikaripiwa mbele ya foleni nzima, akaulizwa kama hana kazi nyingine ya kufanya, naye akainamisha uso ndani ya khanga yake. Mwanamke aliyefedheheshwa hivyo ataiogopa njia ya kliniki kwa mimba ya sita, na hapo tutakuwa tumeununua tena msiba tuliokwisha kuuza. Fauka ya hayo, takriban mmoja katika kila wanawake watano walio katika ndoa anataka kupumzika au kukoma kuzaa, lakini hatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango. Huyo hakosi akili wala hesabu. Anakosa dawa karibu, au ruhusa ya mume, au mtu wa kumjibu kwa upole.

Kama tuna ghera ya kweli juu ya jambo hili, tumwache mama wa miaka arobaini, tumtazame binti. Katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 wamekwisha kupata mimba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi wake, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba. Binti anayezaa wa kwanza akiwa na miaka 17 na yule anayezaa wa kwanza akiwa na miaka 24, hata wakiishia na watoto sawasawa, hawaiongezi nchi kwa kasi moja, kwa kuwa wa kwanza huitwa bibi wakati wa pili bado anamlea kitinda mimba wake.

Sensa ijayo, ikifuata desturi yake ya miaka kumi, itakuwa mwaka 2032. Binti atakayehesabiwa siku hiyo akiwa na miaka 15 alizaliwa mwaka 2017. Amekwisha kuchanjwa, amekwisha kupona, na leo yuko darasani, pengine sakafuni. Mzazi, mwalimu na mbunge, mwacheni asome hadi amalize.