Skeni ya Nairobi haitamfaa mgonjwa wa Kwale aliyechelewa

KIJANA wa Msambweni anapovimba goti, jamaa zake hudhani ni jeraha la kandanda. Hukandwa, hupewa dawa za maumivu, na miezi hupita. Iwapo uvimbe huo ni saratani ya mfupa, ambayo huwapata zaidi vijana na mara nyingi huanzia karibu na goti, miezi hiyo yaweza kuamua kama atapona.

Tangu 2018, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilipoleta skeni ya PET/CT, Wakenya hawalazimiki tena kwenda India kwa uchunguzi huo. Mtambo huu huunganisha picha mbili. CT huonyesha umbo la mifupa na viungo. PET huonyesha mahali ambapo sukari yenye mnururisho, aliyodungwa mgonjwa, inatumiwa kwa wingi, kwani seli nyingi za saratani hula sukari kuliko seli za kawaida. Daktari hutambua iwapo ugonjwa umebaki mguuni au umeenea mapafuni na katika mifupa mingine.

Hata hivyo, mtambo huo si mwamuzi wa mwisho. Kifua kikuu nacho hung'aa kwenye picha hizo. Ndiposa sharti kipande cha uvimbe kichunguzwe maabarani, nayo MRI ipime jinsi ulivyopenya kwenye misuli na mishipa.

Je, Kwale inunue mtambo wake? Sukari hiyo hupoteza nusu ya mnururisho wake kila dakika 110, hivyo sharti itengenezwe karibu au isafirishwe upesi. Huo ni mzigo mzito kwa kaunti moja.

Kinachowezekana leo ni eksirei. Muuguzi wa zahanati ya kijijini akiona uvimbe usioisha, au maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, ampeleke mgonjwa hospitali ya rufaa ya Msambweni bila kusubiri. Picha ikitia shaka, atumwe moja kwa moja kwa wataalamu wa saratani Mombasa au Nairobi.

Nauli nayo isisahaulike. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya matibabu. Safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Nairobi na malazi ya huko huielemea familia ya mvuvi au mkulima. Kaunti ikigharimia hayo, skeni ya Nairobi itakuwa pia ya mtu wa Kwale.